Goti Linacheka

1

Wivu una macho. Wanaosema wivu ni upofu hawajawahi kumwonea mtu wivu sawasawa. Kambi ya Magoti ya Njombe ilikuwa na kamera kumi na sita kuzunguka uwanja, na mashine ya kusoma mshipa mmoja mmoja wa mguu, lakini jambo lile halikuonwa na kamera wala mashine. Lilionwa na Subilaga Mwaisumo, Jumanne saa nne asubuhi, akiwa ameketi benchi na mfuko wa barafu juu ya goti la kulia, akimtazama Zuwena Kombo akizunguka koni utadhani si mtu aliyepasuliwa mguu miezi mitano iliyopita.

Alimtazama vile mtu anavyomtazama jirani anayeanika nguo mpya kambani. Hataki kuangalia, na macho hayabanduki.

Zuwena alipewa mpira. Akautuliza, akainua kichwa, na kabla ya kuchomoka akagonga ncha ya kiatu chini mara mbili, tu-tu, harakaharaka, kisha akaondoka na upepo. Beki wa mbao waliyemsimamisha pale akaachwa hatua nne. Wasaidizi wa kambi wakapiga makofi, na mmoja akapiga mluzi.

Subi hakupiga makofi. Mfuko wa barafu ulishamwanguka na hakuuokota.

Ile tu-tu ilikuwa yake. Alizaliwa nayo Tukuyu, au tuseme ilizaliwa ndani ya viatu vya kaka yake Ambakisye, namba arobaini na mbili, wakati yeye mguu wake ulikuwa thelathini na sita. Alivijaza majani makavu ya migomba ndipo vikamkaa, na kila kabla ya kukimbia ilibidi agonge ncha chini mara mbili ili mguu usogee mbele. Leo ana miaka ishirini na sita, viatu vinafumwa juu ya mguu wake mwenyewe, na bado anagonga. Lakini Zuwena? Zuwena ni mtoto wa Micheweni, Pemba. Amecheza peku mchangani mpaka miaka kumi na mitano. Mguu wa Zuwena haukuwahi kuogelea ndani ya kiatu cha mtu.

Pengine ameiga, Subi alijiambia. Miaka minne Zuwena alikaa benchi ya timu ya taifa nyuma yake, winga wa kulia wa akiba, akimtazama kila wiki. Lakini mwigaji hufikiri kwanza, ndipo aige. Zuwena hakufikiri. Aligonga kama mtu anavyopepesa jicho.



2

Nieleze kidogo mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo utamwona binti wa watu mwendawazimu.

Miaka hiyo kano ya goti ikikatika haikushonwa tena kwa nyama ya paja lako. Uliwekewa uzi. Uzi ulikuwa kitu hai kilichooteshwa chupani, chembamba kama ukindu, na ulikuwa na kumbukumbu. Ukiingizwa mtupu haujui lolote. Mgonjwa huanza kutambaa kama mtoto na humaliza mwaka na nusu kabla hajagusa mpira. Kwa hiyo kwanza ulilishwa mwendo, mwendo wa mchezaji mwingine, uliokusanywa kwa miaka na soksi zake za mazoezi. Mwenye mwendo huo aliitwa somo yako. Wako mwenyewe haukufai: kichwa kinaamuru hatua, uzi nao unaamuru hatua ileile, mguu unaamrishwa mara mbili na kujikwaa. Jina la somo lilifichwa. Kila mchezaji aliweka dole gumba siku ya kusajiliwa, akaruhusu mwendo wake utumike, akasahau.

Subi hakuambiwa somo yake ni nani, ila alijua ni beki. Kila akipokea mpira, kiuno kilitaka kurudi nyuma kulinda. Alikimbia wima, salama, bila utamu wowote, kama askari wa getini anayewahi chai. Wenzake walimcheka na yeye akacheka nao, kisha akaenda bafuni akalia. Halafu unamwona mwenzako, yule wa benchi, yule wa akiba, anachomoka na mwendo wako wewe, anapigiwa mluzi. Ungekuwa wewe ungekula?

Yeye hakula. Alikaa mezani mchana ule akiuzungusha ugali sahanini, Zuwena akaja kukaa mbele yake kama kawaida, maana walikuwa pacha wa kisu.

Desturi hiyo haikuandikwa popote. Aliianzisha Mama Sanga, mpishi, na madaktari wakaikuta imeshaota mizizi. Waliopasuliwa siku moja ni pacha. Uji wao wa kwanza wanakunywa kwa kijiko kimoja. Pacha ndiye anayekuhesabia kwenye majaribio ya kuruka, na mashine hupokea sauti yake tu, kwa sababu mtu huidanganya mashine, lakini pacha hamdanganyi pacha. Anajua zamu yake nayo yaja, na yeye atahesabiwa. Pacha akiona hatari hunyamaza, na akinyamaza, jaribio limekwisha hapohapo. Na hakuna anayetoka kambini bila kuhesabiwa: unasimama kizingitini kwa mguu uliopona, unaruka mara moja, pacha wako anasema "moja," hesabu mpya ya maisha yako inaanza.

"Pacha, umeniona leo?" Zuwena alisema. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, kanga ya mama yake, yenye maneno *Usisafirie nyota ya mwenzio*. "Umeniona mie?"

"Nimekuona."

"Mbona wasema kama umeona maiti?"

"Nimekuona, Zuwe. Umekimbia vizuri."

Zuwena akainama karibu, akashusha sauti. "Nikwambie kitu, ila usimfikishie Dokta, ataniweka chini kwenye majaribio ya Jumamosi. Goti langu lacheka."

Subi akaweka kijiko. "Linacheka vipi?"

"Lacheka tu. Hapa ndani, chini ya pia. Kila nikitua, kama mtu yumo ndani anitekenya. Haliumi, wallahi. Raha tupu. Tangu juzi."

Subi akamtazama. Zuwena alikuwa anatabasamu, meno yote nje, tabasamu la mtu aliyengoja miaka minne.

"Basi ni dalili njema," Subi alisema, na aliyasema maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

3

Goti la Subi nalo liliwahi kucheka, kabla halijakatika. Lilicheka wiki mbili kamili, mtekenyo mtamu chini ya pia kila anapotua, na katika wiki hizo alicheza mpira wa maisha yake. Mabao sita. Hakumwambia mtu, nani aende kwa daktari kulalamika raha? Siku ya kumi na nne, dakika ya sabini, aliruka kupokea krosi, akatua, na goti likaingia ndani. Kishindo chake kilisikika mpaka jukwaani.

Baadaye, kitandani, alipata muda wa kufikiri, akajua ni viatu. Ukivaa kiatu kikubwa na ukatua mguu umenyooka, kiatu kinabaki nyuma. Kwa hiyo alijifunza kutua goti likielemea ndani kidogo, apate kukibana kwa kisigino. Mguu ukiwa mpya hauoni shida. Ukichoka, ule uelemeo unaongezeka, na kano inasuguliwa kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Kwanza inatekenya. Halafu inakatika.

Na sasa viatu vya Ambakisye vilikuwa gotini mwa Zuwena.

Jumatano alikwenda kwa Dokta Ngailo. Huyu alikuwa mtu mpole mwenye mvi, aliyeamka kabla ya wagonjwa wake na kula baada yao.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Subi. Kaa. Barafu unaweka?"

"Naweka. Dokta, mwendo wa somo ukiwa na kasoro, nyie mnaiona?"

"Kila mwendo hupimwa kabla ya kutumika. Kutua mara thelathini, pembe zote. Ukiwa na kasoro hauingii."

"Na kasoro inayotokea mara ya thelathini na mbili?"

Dokta akavua miwani. Alikuwa na namna ya kuvua miwani iliyomfanya mtu ajione amekuja kuomba kitu kibaya.

"Mwanangu, kila mwaka, wiki ya majaribio, kuna mtu hukaa kwenye kiti hicho akanieleza kasoro ya goti la pacha wake. Kila mwaka. Jezi ni moja, Jumamosi mnashindana, na mwenzako anakupita. Mimi sikulaumu. Wivu hauna dawa, lakini una mwisho."

"Sikuja kwa wivu."

"Vizuri." Akarudisha miwani. "Jina la somo ya mtu sitaji. Sheria unaijua: somo anaweza kuuondoa mwendo wake wakati wowote. Anaweka dole gumba mashineni, haulizwi sababu. Uzi unabaki mtupu na haulishwi tena, mgonjwa anaanza upya. Mimi nina miaka tisa hapa, sijaona aliyefanya hivyo. Watu wana aibu."

Subi akatoka. Mvua ya halmashauri ilikuwa imeanza, saa kumi kamili kama ilivyopangwa, akaipitia bila kujifunika.

Sasa ona alivyobanwa. Akisema, ataokoa goti la mwenzake na kujinyakulia jezi namba saba kwa pigo moja. Nani ataamini la kwanza wakati la pili linaonekana? Yeye mwenyewe hakuliamini. Akinyamaza, Zuwena atakwenda kwenye mashindano ya Afrika, atacheka wiki mbili, kisha dunia nzima itasikia kile kishindo.

Na tusimfiche. Zilikuwepo saa alizotaka kukisikia. Alhamisi, akinyoosha misuli chini ya jua jembamba la Njombe, alikiona kila kitu: uwanja umejaa, Zuwena chini, machela inaingia, kocha anageuka kumtafuta Subi benchi. Aliona mpaka rangi ya machela. Alijilaumu, akaapa hatafikiri tena, na jioni yake akafikiri tena, polepole, kama mtu anayenyonya kipande cha muwa. Mwenye wivu ajinyonge, watu husema. Hawasemi kwamba kabla ya kujinyonga anastarehe kidogo.

Ijumaa Zuwena alimletea chungwa alilokwisha kulimenya. "Tumia, pacha. Kesho twende tukawaue."

Akalila. Lilikuwa tamu.

4

Jumamosi Kocha Mahundi alikuja kwa kivuli. Mwili wake ulikuwa Dodoma kambini kwa timu. Hapa alisimama pembeni ya uwanja, unaona majani kupitia kifua chake, amekunja mikono.

"Mabinti, sina maneno mengi," kivuli kilisema. "Chenga zenu nimezitazama wiki nzima. Leo nataka magoti. Mguu mmoja, kwenye bamba la kupimia, mpaka ushindwe. Chini ya thelathini na tano hakuna safari. Atakayeruka zaidi anavaa saba."

Subi alianza. Zuwena alisimama mbele yake, mikono nyuma, akahesabu kwa ile sauti yake ya Kipemba iliyonyooka, wala haikuharakisha wala haikukokota. Mwendo wa beki ulimbeba Subi bila madoido, ukimrusha na kumtua mahali palepale. Thelathini na tano ilipopita Zuwena alitikisa kichwa kumtia moyo. Thelathini na nane, paja likawaka moto, mguu wa kushoto ukagusa chini.

"Thelathini na nane," Zuwena alisema kwa sauti, na akamkumbatia. "Umenitesa wewe. Sasa nihesabie."

Akafungua kanga kiunoni, akampa Mama Sanga aishike, akapanda kwenye bamba. Akagonga ncha ya kiatu mara mbili.

"Moja," Subi alisema.

Ishirini za kwanza zilikuwa kama mchezo. Zuwena aliruka juu kuliko ilivyohitajika, mwenyewe anajifurahisha. Subi alihesabu na kutazama, kifua kikimwuma, kwa sababu mwendo ule ulikuwa mzuri. Hakuwahi kuuona kwa nje. Maisha yake yote alikuwa ndani yake. Kumbe ndivyo nilivyokuwa, aliwaza, na akamchukia Zuwena kwa kumwonyesha.

"Thelathini."

Mashine zote zilikuwa kijani. Dokta Ngailo alikuwa ameinamia kioo chake, ameridhika.

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili."

Hapo goti likaelemea. Kidogo tu, kama mlango usiofungwa vizuri. Thelathini na tatu likaelemea tena, kisigino kikaminya ndani, kikikibana kiatu ambacho hakikuwepo. Zuwena alikuwa anacheka. Mtekenyo ulikuwa umeanza, Subi aliujua, aliukumbuka ulimini kama asali. Thelathini na nne. Thelathini na tano, safari imepatikana. Zilibaki nne apate jezi.

"Thelathini na sita," Subi alisema.

Zuwena akaruka ya thelathini na saba. Akatua. Goti likaingia ndani upana wa vidole viwili, likatoka.

Subi hakusema kitu.

Zuwena akaruka tena, akatua, akasikiliza. Taa ya bamba ikazimika.

"Hesabu," Zuwena alisema. Bado alikuwa kwenye mguu mmoja. "Subi. Hesabu."

5

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Wasaidizi walitazama viatu vyao, na Mama Sanga, mwenye desturi yake, alikaa chini kwenye nyasi na ile kanga mapajani akasema taratibu, "Thelathini na sita. Na mwenzake thelathini na nane. Hivi kweli, mwanangu?"

"Pacha ana haki ya kunyamaza," Dokta alisema. "Akiona hatari. Subi, umeona hatari gani? Mimi hapa sioni."

Subi akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: kicheko cha goti, wiki mbili, viatu vya kaka, majani ya migomba. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama mwongo. Kivuli cha kocha kilitazama saa.

"Zuwe," akasema mwishoni, "ile kugonga kiatu. Umejifunzia wapi?"

Zuwena akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akautazama mguu wake wa kulia kama amekutana nao leo.

"Wewe umekua peku," Subi alisema. "Mimi ndiye niliyevaa viatu vya watu. Mimi ndiye somo yako."

Dokta Ngailo hakukubali wala hakukanusha, akavua miwani, na kwa kuvua ile miwani wote wakajua.

"Kwa hiyo," Zuwena alisema polepole, "wiki nzima hii, hayo makofi. Nilikuwa nakimbia wewe."

"Ndiyo."

"Hata hilo si langu."

"Zuwe, goti lako lit..."

"Nyamaza kwanza. Kunyamaza wajua." Sauti yake haikupanda. "Miaka minne nilikaa benchi nikikupigia makofi. Minne, Subi. Ukifunga nasimama. Ukiumia nalia. Mie sikukunyamazia hata siku moja. Nami roho yangu ilikuwa na kijiba vilevile, wadhani sina roho? Lakini nilipiga makofi."

Subi alijua ni kweli. Alikumbuka makofi yale, alivyoyapokea kama hewa.

"Nakuonea wivu," akasema. "Tangu Jumanne silali. Nimetaka likatike, na nimejua litakatika, na nimekaa kimya siku nne kwa sababu hiyo. Nina wivu, na goti lako litakatika. Yote mawili ni kweli. Ningekuwa na moja tu ningesema mapema."

Zuwena akacheka kidogo, bila furaha. Akashuka kwenye bamba, akamsogelea mpaka wakawa pua kwa pua.

"Basi niachie," alisema. "Tuseme wasema kweli. Litakatika. Mie nina miaka thelathini na moja. Nikianza upya na uzi mtupu, nitakuwa na thelathini na tatu, nani ataniita? Wewe ulipata wiki zako mbili. Mabao sita, watu wakaimba jina lako. Nipe zangu. Thelathini na sita zanitosha safari. Likatike nikiwa na jezi, hata ya akiba. Goti ni langu."

"Na mwendo ni wangu."

"Nakuomba, pacha."

Hilo Subi hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Akamtazama Dokta, na Dokta akamwambia kwa upole kwamba mashine haina ushahidi, na kwamba bila ushahidi yeye hawezi kuuzima uzi wa mgonjwa asiyetaka. Ni somo tu. Kibao cha dole gumba kilikuwa palepale ukutani, karibu na bomba la maji ya kunywa, kidogo kama swichi ya taa.

Subi alitembea hatua saba. Alitembea kama beki. Alifikiri kuhusu machela, rangi yake, na jinsi alivyoinyonya picha ile tangu Alhamisi. Akafikiri kuhusu Zuwena akiwa chini anashika goti na kupiga ukelele ambao yeye Subi peke yake ndiye angeujua ulianzia wapi. Akatafuta moyoni mahali pasafi pa kusimamia, hata padogo. Hakupata. Akaweka dole.

Mpaka leo hajui ni nini kilichouinua mkono ule, huruma au kijicho. Ameulizwa mara nyingi, na yeye hujibu kwamba mkono ulikuwa mmoja.

Nyuma yake Zuwena alisema "aa," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Mguu wa kulia ulikuwa umesahau. Mama Sanga na wasaidizi wawili wakamdaka kabla hajafika chini. Saa kumi ikafika, mvua ikaanza, na kivuli cha Kocha Mahundi kikasema, huku matone yakipita ndani yake, "Mwaisumo, Jumanne uje Dodoma," kikazimika.

6

Angeweza kuikataa jezi. Siku mbili alijaribu kuikataa mbele ya kioo, na maneno yalikuwa mazuri. Lakini aliitaka. Alikuwa ameitaka kabla ya goti, kabla ya Zuwena, tangu majani ya migomba. Na kuikataa kusingemrudishia mwenzake hata hatua moja. Kungemsafisha yeye tu. Basi akafunga begi.

Kambi ilimsalimia kwa adabu ya msibani. Mama Sanga alimwekea chapati za njiani, amezifunga vizuri, na hakumtazama usoni. Dokta Ngailo alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nimeurudia mwendo wako jana," akasema. "Kutua mara mia. Nimekaa nao siku nzima. Mara nyingine naona kitu, mara nyingine naona mtu aliyechoka tu." Akamshika bega. "Sijui, Subi. Nilitaka ujue kwamba sijui."

Gari lilikuwa linangoja nje, milango wazi, sauti yake ikitaja Dodoma kwa upole. Subi akasimama kizingitini. Hakuna anayetoka bila kuhesabiwa. Angeweza kupita tu kama mtu anayetoka dukani, nani angemzuia? Lakini akasimama kwa mguu wa kulia, akainua wa kushoto, akangoja. Alijua hakuna atakayekuja. Aliona ni haki asimame hapo kidogo bila mtu.

Ndipo akasikia magongo.

Zuwena alikuja kwa ukumbi, goti limefungwa kwa ile kanga ya mama yake, mguu ukivutwa nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Alichukua muda mrefu sana. Alijikwaa mara moja karibu na dirisha, msaidizi akanyanyuka, naye akamkataza kwa jicho. Paja la Subi lilianza kutetemeka, na hakushusha mguu.

Zuwena alifika, akaegemea magongo, akapumua. Hakumsalimia. Akamwangalia mguu, kiatu, ncha ya kiatu ambayo haikugonga chini, kwa sababu Subi alikuwa ameizuia.

"Ruka," akasema.

Subi akaruka. Akatua, goti likiwa limenyooka, salama, goti la beki. Akainua macho kungoja ile moja.

"Thelathini na saba," Zuwena alisema, akageuza magongo yake, akaanza kurudi ndani.